Kilo za Mtoto wa Atuganile

Enesi alifunga komeo la choo cha zahanati, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akatoa mawe mawili ya mizani aliyokuwa ameyaviringisha ndani ya leso. Yalikuwa ya chuma, kilo mbili kila moja, na baridi ya asubuhi ya Julai ilikuwa imeyaingia hadi ndani. Aliyafunga kiunoni kwa ukanda wa shuka kuukuu, moja kila upande juu ya nyonga, akashusha gauni, akazungusha kitenge mara mbili na kukikaza. Kisha akapiga hatua tatu mle mle chooni, akisikiliza kama yanagongana. Hayakugongana. Alichosikia ni moyo wake tu.

Tangu msimu wa juzi alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kahawa cha chama cha ushirika pale Ihanda. Mawe yale hukaa kwenye mtoto wa meza yake. Kila asubuhi huyapandisha juu ya mizani ya umeme kuhakikisha kwamba haijapotoka, ndipo wakulima waruhusiwe kushusha viroba vyao vya kahawa mbivu. Watu walimwamini. Mwaka jana alimrudisha Mzee Danford mbele ya foleni nzima kwa sababu ya tofali alilolikuta chini ya kiroba, na mzee yule, aliyekuwa ndugu wa baba mkwe wake, hakumsalimia hadi Krismasi. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amesimama chooni na tofali lake kiunoni.

Hakuona njia nyingine. Mwezi Mei, alipofika kliniki kwa mara ya kwanza na mimba ya wiki tisa, mizani ilisoma kilo hamsini na nne. Juni ikasoma hamsini na mbili. Sista Fausta, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, hakushtuka sana. Alimweleza kwamba katika miezi mitatu ya mwanzo hakuna anayemdai mama kilo nyingi. Moja au mbili zinatosha, na wapo wanaopungua kidogo kwa sababu ya kutapika.

"Ila kutapika kukiisha, uzito uanze kupanda polepole," alisema huku akiandika kwenye kadi. "Mwezi ujao nikikuta umeshuka tena, nitakuandikia barua ya hospitali wakakuchunguze."

Neno hospitali ndilo lililomfanya achukue mawe ya ushirika.

Kutapika kulikuwa kumekwisha siku nyingi. Njaa ilikuwa imerudi, tena njaa ya kumwamsha alfajiri mate yamemjaa mdomoni. Mumewe, Rubeni, alileta kila alichosikia kwamba kinamfaa mjamzito: maini, mayai ya kienyeji, maparachichi, karanga, maziwa kutoka kwa jirani. Enesi alipokea kwa magoti, akapika, akala vijiko vitatu mbele yake, na Rubeni akishatoka kwenda kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, kilichobaki kiliishia kwa kuku. Kuku wa nyumba ile walikuwa wamenenepa mno.

Alitaka mtoto mdogo. Mtoto mdogo kabisa, wa kuteleza na kutoka kabla mama yake hajajua kwamba amekwisha kujifungua. Hakuwahi kulitamka jambo hilo kwa mtu yeyote, na hata kichwani mwake hakulipa maneno marefu. Alijua tu kwamba kila siku aliyolala na njaa, siku ile nyingine ilisogea mbali kidogo.

Siku ile nyingine ilikuwa ya dada yake.

Enesi alikuwa na miaka kumi na mitano Atuganile aliporudi kwao Itumba kujifungua mtoto wa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwao, mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake. Atuganile alikuwa mtu wa mashavu na kicheko, anayekula akiwa amesimama jikoni, akidokoa sufuria kabla chakula hakijaiva. Uchungu ulimwanza Ijumaa jioni. Enesi alipewa kazi ya kuchota maji na kukaa nje na wadogo zake, lakini dirisha la chumba kile halikuwa na kioo, lilizibwa kwa gunia tu, na sauti ilipita. Ijumaa Atuganile alikuwa akimwita mama. Jumamosi akawa anamwita Mungu. Jumapili hakumwita mtu. Ilibaki sauti nzito isiyo na neno ndani yake, na Enesi, aliyekuwa ameinamia ndoo, aliziba masikio kwa mikono iliyolowa. Mchana ule ndipo walipombeba kumpeleka hospitali. Jumatatu aliletwa amelala na mtoto wake katika jeneza moja.

Msibani, kila aliyekuja alimuuliza mama yao imekuwaje, na mama alimjibu kila mmoja kwa maneno yale yale. "Mtoto alikuwa mkubwa mno. Alikula sana yule, mtoto akakua kupita njia." Waombolezaji walishika vichwa. Enesi, aliyekuwa akiwamwagia maji ya kunawa, aliyasikia maneno hayo siku tatu mfululizo, mpaka akawa anayajua kabla mama hajafungua mdomo.

Miaka tisa ilikuwa imepita. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Unakula?" aliuliza. "Kidogo, mama." "Hivyo hivyo, mwanangu. Usijiachie. Ya dada yako unayajua."

"Enesi Kibona!"

Sista Fausta alikuwa akimwita. Alivuta komeo, akatoka.

Kwenye mizani ya zahanati alipanda taratibu, mikono ameibana ubavuni. Sista Fausta aliinama kusoma, na uso wake ukakunjuka.

"Hamsini na nne na nusu. Umeona sasa? Kumbe inawezekana." Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliandika, kisha akachukua utepe wa kupimia mkono, akauzungusha kwenye mkono wa juu wa Enesi. Akausoma. Akaulegeza, akauzungusha tena kwenye mkono ule ule.

"Ishirini na moja na nusu," alisema polepole, kama anayejisomea mwenyewe. Alifungua kadi. "Mei ulikuwa na ishirini na nne."

Enesi alitazama bango la chanjo ukutani. Jasho lilimtoka mgongoni.

"Panda kitandani," alisema Sista Fausta. "Leo mimba imefika mahali pa kushikika. Nipime na tumbo."

Hilo hakuwa amelifikiria. Miezi miwili ile hakuguswa tumbo. Aliulizwa maswali, akatolewa damu, akapimwa, akaenda zake. Alisimama kando ya kitanda ameshika fundo la kitenge kwa mikono yote miwili, na vidole vyake havikutaka kuachia. Alisikia mwanamke akikohoa kwenye benchi huko nje. Alifikiri kukimbia, na akajiona akikimbia uwanjani na vyuma vikimpiga nyongani.

"Enesi."

Alifungua. Alitoa jiwe la kwanza akaliweka mezani, juu ya daftari, na la pili kando yake.

Sista Fausta aliyatazama. Kisha akaenda kufunga mlango. Enesi alikaa akisubiri kelele, maana alikuwa ameona wauguzi wakigomba kwa makosa madogo kuliko hilo, lakini yule mama alirudi akavuta kiti, akakaa, akavaa miwani yake kana kwamba anataka kumwona vizuri zaidi.

"Hamsini na nusu," alisema. "Ndio uzito wako. Umepoteza kilo tatu na nusu tangu Mei. Nilidhani unatapika. Nyumbani chakula hakuna?"

"Kipo."

"Mume anakunyima?"

"Rubeni? Hapana, sista. Analeta hadi vya kumwaga."

"Basi ni nani anayekukataza kula?"

Ndipo Enesi alipoanza kulia, kilio cha kubanwa, cha mtu anayejua kuna watu nje ya mlango. Alieleza huku akikatika pumzi: Itumba, Ijumaa, gunia la dirishani, jeneza moja. Alieleza maneno ya mama msibani. Alipofika kwenye vijiko vitatu na kuku, sauti ilimwisha.

"Unajua njaa imefanya nini?" Sista Fausta aliuliza, na sauti yake haikuwa na ukali. Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba. "Tazama, hata wekundu humu hauonekani. Njia anayopita mtoto haitanuki kwa wewe kukaa na njaa, mwanangu. Kinachopungua ni damu yako, na nguvu ya kusukuma siku ile. Na mtoto akizaliwa hana uzito, hata baridi tu ya Julai kama hii inamshinda. Unaogopa kufa. Hata mimi ningeogopa. Lakini unakimbilia kule kule."

Enesi alipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Huyo mtoto wa dada yako alikuwa na kilo ngapi?"

"Alikuwa mkubwa."

"Nimekuuliza kilo."

"Sijui. Mama alisema alikuwa mkubwa sana."

Sista Fausta aligonga moja ya mawe yale kwa kucha. "Wewe ni karani wa mizani. Mkulima akija akakuambia kiroba chake ni kizito, unaandika kwenye kitabu 'kizito'?"

Alimpa vidonge vya kuongeza damu na wiki mbili. Baada ya hizo, alisema, barua ya hospitali itaandikwa iwe mvua iwe jua. Na Rubeni lazima aambiwe leo, na mkewe, si na muuguzi. Kuhusu mawe alisema neno moja tu: yawe yamerudi mahali pake kabla kituo hakijafunguliwa.

Rubeni aliambiwa jioni ile, wakiwa wamesimama kati ya vichanja, mikono yake ikinuka kahawa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza hadi mwisho, akaokota punje mbovu, akaitupa, akaokota nyingine.

"Nilikuwa nakuona unakonda," alisema hatimaye. "Nikawa nasema labda mimba za wengine ziko hivyo. Niliogopa kuuliza." Alimtazama tumboni kisha akaondoa macho haraka. "Sasa mtoto ni mzima?"

"Sista alisikiliza moyo wake. Unapiga."

"Unapiga," Rubeni alirudia, akaketi kwenye ukingo wa kichanja.

Usiku ule Enesi alijaribu kula. Alimega tonge, akalitia maharage, akalifikisha mdomoni. Halikupita kooni. Alilitema kiganjani. Maneno ya muuguzi alikuwa ameyaelewa yote, angeweza hata kuyarudia, lakini ya mama yalikuwa yamemwingia akiwa na miaka kumi na mitano, na yalikuwa na sauti ya Atuganile ndani yake. Kabla ya kulala alimwambia Rubeni kwamba Jumamosi atakwenda Itumba.

"Kufanya nini?"

"Kuuliza kilo."

Rubeni alimpeleka kwa pikipiki hadi stendi ya Mpemba, akimkwepesha kila shimo, na pale akampakia kwenye gari dogo la Ileje, la kupanda hadi Itumba, na mfuko wa maparachichi ya mama mkwe. Barabara ilipanda vilima, na ubaridi ulizidi kadiri walivyopanda. Enesi alikaa dirishani, mkono tumboni. Mara mbili alitamani gari liharibike.

Mama yake alikuwa uani akipukuchua maharage. Watu wote wa pale walimwita Mama Atuganile bado, hata baada ya miaka tisa, na Enesi hakuwahi kujiuliza mwanamke huyo husikia nini kila anapoitwa. Walisalimiana kwa Kindali, lugha ya kwao, wakaulizana habari za nyumba mbili, za kahawa na za mvua. Mama alitazama tumbo lililofichwa na kitenge, akatabasamu.

"Limekaa dogo. Vizuri."

Enesi alikaa kwenye kigoda akaanza kupukuchua naye. Maganda makavu yalipasuka vidoleni mwao. Alikuwa amejipanga kuanza mbali, lakini njiani maneno yote yalikuwa yamemtoka.

"Mama, mtoto wa dada alikuwa na kilo ngapi?"

Mikono ya mama haikusimama. "Kwa nini unauliza mambo hayo wewe, na hali yako hiyo?"

"Muuguzi ameniuliza, nikakosa jibu."

"Wauguzi wa siku hizi. Mwambie alikuwa mkubwa."

"Nilimwambia. Anataka kilo."

"Sikuwepo alipopimwa," alisema mama, akasimama ghafla kwenda kuchochea moto ambao haukuwa umefifia. Alikaa jikoni muda mrefu. Aliporudi alibeba birika la maji ya kunawa na sahani ya ndizi zilizopikwa na maharage, sahani moja ndogo. "Nawa ule. Kidogo tu, usijichoshe."

Enesi alikunja mikono ya sweta hadi juu ya viwiko, akanyoosha mikono chini ya birika.

Maji hayakuja. Aliinua macho. Mama alikuwa akiutazama mkono wake. Aliweka birika chini, akausogeza ule mkono wa sweta juu zaidi, akauzungushia mkono wa juu vidole vyake mwenyewe. Kidole gumba kilikaribia kukutana na cha kati.

"Umeumwa?" aliuliza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Hapana."

"Enesi, umeumwa nini?"

"Sijaumwa, mama. Sili. Uliniambia nisijiachie, sijajiachia."

Mama alibaki ameushika mkono ule. Kuku mmoja alikuja akadonoa maharage yaliyomwagika mkekani na hakuna aliyemfukuza.

"Mtoto hakuwa mkubwa," alisema.

Alilisema kwa Kindali, kwa sauti ndogo, na Enesi alidhani hakusikia vizuri.

"Mtoto hakuwa mkubwa, mwanangu. Alikuwa na kilo mbili na nusu na kitu. Imeandikwa. Ninayo karatasi."

Aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, ile aliyohifadhia kadi za chanjo za watoto wake wote saba. Ya Atuganile ilikuwa katikati: kadi ya kliniki, na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Mama hakuifungua. Alimkabidhi, akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama anavyokaa mfiwa.

Kilo mbili na gramu mia sita. Jinsia, kike.

"Alikaa vibaya," mama alisema. "Daktari aliniambia kichwa kilitazama juu. Alisema ingekuwa tumempeleka Ijumaa ile, au hata Jumamosi, wangempasua na wote wawili wangerudi. Jumapili alikuwa amechanika ndani. Damu yote ilikuwa imeisha."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua nini? Mimi nimezaa saba, wote kwenye chumba kile. Huyo huyo Atuganile alinichukua siku mbili. Nikasema na yeye ni siku mbili. Baba yenu alikuwa Zambia msibani. Gwalugano, huyu jirani, alikuja Jumamosi asubuhi na pikipiki, akaniambia mama tumpakie. Nikamwambia hakuna mwanamke wa nyumba hii anayezalia barabarani." Alipangusa pua kwa upande wa kitenge. "Hata yeye Atuganile aliniomba. Nikamwambia vumilia."

Enesi alikumbuka sauti ya Jumamosi. Kumbe haikuwa ikimwita Mungu peke yake.

"Kwa nini uliwaambia watu alikuwa mkubwa?"

"Walikuwa wengi, Enesi. Kila mmoja ananiuliza, ananitazama usoni. La kwanza kuja mdomoni ndilo lililokuja. Halafu nikalirudia, nikalirudia, mwishowe likawa ndilo."

"Na mimi? Kila Jumapili, mama!"

"Kila nikisikia sauti yako kwenye simu nilikuwa naogopa. Sikuwa na neno jingine la kukuambia."

Enesi aliinuka akatoka. Alipita nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba kile ambalo sasa lilikuwa na kioo, akaenda hadi mwisho wa migomba. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kurudi akachane ile karatasi mbele ya macho ya mama yake. Lakini hasira ilipokuwa ikimpanda, kitu kingine kiliipita kwa chini, baridi na cha haraka. Miezi miwili. Kwa miezi miwili alikuwa amemnyima chakula mtu aliyemo ndani yake, asubuhi na mchana na jioni, kwa sababu ya mtoto mkubwa ambaye hakuwahi kuwepo. Hofu ya zamani ilikuwa yake mwenyewe, aliizoea, aliijua hata inakolala. Hii ilikuwa ya mwingine. Amekosa nini? Mfupa upi, kidole kipi? Yuko humo anangoja, hajui kwa nini chakula hakiji.

Hakujua alisimama pale kwa muda gani. Alirudi uani, akanawa mwenyewe.

"Niongezee," alisema.

Mama aliongeza. Enesi alikula. Tonge la kwanza lilikwama pale pale kooni, akalisukuma kwa maji, la pili likakwama kidogo, akaendelea, machozi yakimchuruzika na mafuta ya maharage yakimlowesha vidole. Hapakuwa na raha yoyote katika kula kule. Mama alikaa upande wa pili wa mkeka akipukuchua, na kila sahani ilipokuwa tupu alinyoosha mkono kuichukua bila kuinua macho.

Wiki mbili zilipotimia, asubuhi ya kliniki, Enesi alimkuta mama yake amekaa kwenye benchi la zahanati ya Ihanda. Alikuwa ametoka Itumba na gari la kwanza. Alivaa sare yake ya umoja wa wanawake wa kanisa, viatu vya kutokea, na mapajani alikuwa na trei ya mayai iliyofungwa kwa kamba ya katani. Jumapili mbili zilizopita alipiga simu, na mara zote mbili Rubeni ndiye aliyepokea.

"Nimekuja tu," alisema mama. "Kama hutaki, nitakaa nje."

Enesi alitazama mayai, akatazama viatu vilivyojaa vumbi. Bado alikuwa hajui atamfanya nini mama yake. "Ingia," alisema.

Alipanda kwenye mizani peku, na gauni jepesi. Hamsini na moja na gramu mia saba. Sista Fausta hakutabasamu haraka safari hii. Alimshika kiuno kwa mikono yote miwili, pande zote, na Enesi akasimama akashikwa. Ndipo muuguzi alipoandika.

"Umeanza kupanda. Mkono utachelewa, usiuangalie sana." Alimlaza kitandani, akapima tumbo kwa utepe, akasikiliza kwa muda mrefu, macho ameyaelekeza dirishani. "Moyo uko vizuri. Ila mimba ni ndogo kidogo kwa wiki zake. Inawezekana tulikosea tarehe. Inawezekana pia ni ile njaa. Siwezi kukudanganya, sijui. Utakwenda hospitali Jumatatu wakakupige picha ya tumbo."

Enesi alisikia damu ikimkimbia usoni. Alishika kingo za kitanda mpaka chumba kikatulia. "Niandikie," alisema.

Sista aliandika barua. Alipomaliza, alimgeukia mama aliyekaa kwenye kiti cha pembeni na trei yake. "Na wewe bibi, una swali?"

Mama alikohoa. Alizungusha kamba ya katani kidoleni.

"Uchungu ukimwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha milimani, neno moja moja, "tungoje muda gani ndipo tumlete?"

"Msingoje, mama. Ukimwanza tu, mleteni."

"Hata kama ni mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza ndiyo zaidi."

Mama alitikisa kichwa akikubali. Sista Fausta alikuwa amekwisha kufungua kadi ya anayefuata, alipoulizwa tena.

"Na zamani? Miaka kama tisa hivi. Ilikuwa hivyo hivyo?"

Kalamu ya muuguzi ilisimama. Alimtazama yule mwanamke, akamtazama Enesi, na Enesi akaona kwamba ameelewa.

"Ilikuwa hivyo hivyo, mama," alijibu kwa upole.

"Eeh," alisema mama.

Alijaribu kusimama, akashindwa, akaketi tena. Mayai yaligongana kidogo ndani ya trei. Nje jina la mwanamke mwingine lilikuwa likiitwa, na mlango ulifunguliwa, na yule mwanamke akasita kizingitini alipoona chumba bado kina watu. Enesi aliitia barua ndani ya kadi. Kisha akavuta kiti kingine, akakiweka karibu na cha mama yake, akakaa.